Asiyekula Nyama na Vidonge vya Vitamini: Hukumu ya Sheria na Haki ya Mwili

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake. Amma baad.

Binti mmoja wa kwetu aishiye Uingereza ameleta swali. Kwa miaka miwili sasa hali nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali, kama wafanyavyo watu wanaojulikana huko kwa jina la vegani. Amejifungua na ananyonyesha. Mkunga alimtaka atumie vidonge vya vitamini B12, lakini alipoona kapsuli imetengenezwa kwa jelatini aliiweka kando, akihofia nguruwe. Mumewe anamwambia atafute kopo lenye alama ya vegani, ndiyo halali yake. Mama yake anamwambia aache vidonge na ale nyama, kwani kuiacha ni uzushi. Hadi anaandika, hajatumia chochote. Anauliza afanye nini.

Swali hili lina mambo matatu: kuacha nyama, dawa yenyewe, na kile kilichobeba dawa. Tuyaangalie moja baada ya jingine.

KUACHA SI KUHARAMISHA

Katika Suratul Maida, aya ya 87, Mwenyezi Mungu anawakataza walioamini wasijiharimishie vitu vizuri alivyowahalalishia, wala wasipindukie mipaka. Na katika Suratun Nahl, aya ya 5, anawataja wanyama wa mifugo kuwa ni neema: tunapata kwao joto, manufaa na chakula. Imam Muslim amepokea kwa Anas (r.a.) habari ya masahaba waliotaka kujizidishia ibada, mmoja wao akasema hatakula nyama tena. Mtume (s.a.w.) akawakemea, akaeleza kuwa mwenye kuipa mgongo sunna yake si katika yeye.

Lakini tuisome na habari ya pili. Mtume (s.a.w.) aliletewa nyama ya mnyama aitwaye dhabbi, naye ni mfano wa kenge wa jangwani. Hakumla. Khalid bin Walid (r.a.) akauliza kama ni haramu, akajibiwa kuwa sivyo, ila hakuwako katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimtaki. Khalid akala, na Mtume anatazama. Maulamaa wamejifunza hapa kuwa kuacha ni jambo moja na kuharamisha ni jambo jingine.

Basi aachaye nyama kwa afya yake, au kwa kutoipenda, au kwa kuchukizwa na jinsi wanyama wanavyoteswa katika baadhi ya mashamba makubwa, hana dhambi kwa kuacha huko. Dhambi inaingia akiitakidi kuwa kuchinja alikohalalisha Mola ni dhulma, au akiona kujizuia kwake ni daraja ya dini isiyofikiwa na mlaji. Mama wa binti huyu atulie kwa hilo. Anachopaswa kuogopea zaidi kipo kwingine.

MWILI UNA HAKI

Mtume (s.a.w.) alimfundisha Abdullah bin Amr (r.a.), aliyejikaza kwa saumu na kisimamo, kuwa mwili wake una haki juu yake. Mwenye kuchagua chakula fulani amechukua na dhamana ya kuutimizia mwili wake kinachokosekana humo.

Vitamini B12 ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Haitengenezwi na mmea wala na mnyama, bali na bakteria, na sisi huipata katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Mchicha, kunde, dengu na nazi ni vyakula vyema, lakini havina. Hata unga wa mwani wa spirulina, unaosifiwa sana madukani, una kitu kinachofanana nayo ambacho mwili wa binadamu hauwezi kukitumia.

Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 2.4 kwa siku, na anyonyeshaye 2.8, kwa kipimo cha Marekani. Ni kiasi kidogo mno, lakini hakina badala. Ini huweka akiba inayoweza kudumu miaka, ndiyo maana mtu huacha nyama leo akajiona mzima, akadhani amesalimika. Akiba ikiisha huja uchovu, upungufu wa damu, ganzi ya mikono na miguu, na usahaulifu. Tena mwenye kula mboga za majani kwa wingi hupata folati nyingi, nayo huweza kuificha ile dalili ya damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika.

Mwenye hatari kubwa zaidi ni mtoto anyonyaye. Mama akipungukiwa, maziwa yake nayo hupungukiwa, na mtoto hana akiba ya miaka. Ndani ya miezi huweza kulegea, kukataa kunyonya na kurudi nyuma katika ukuaji, na madhara ya ubongo huenda yasiondoke yote hata akitibiwa. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu amekataza mzazi kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake. Na madhara, kwa qaida ya sheria, huondolewa.

GANDA LA KAPSULI

B12 ya vidonge huzalishwa viwandani kwa kuchachusha bakteria. Haitoki kwa nguruwe wala ng'ombe. Shubha imo katika ganda. Jelatini hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya nguruwe, ng'ombe au samaki. Ya samaki haina tatizo. Ya ng'ombe aliyechinjwa kisheria ni halali, na ambaye hakuchinjwa kisheria ni nyamafu. Ya nguruwe ndiyo yenye mjadala mkubwa.

Mjadala umejengwa juu ya istihala, yaani najisi kugeuka ikawa kitu kingine. Katika madhehebu yetu ya Shafi mlango huu ni mwembamba: pombe iliyogeuka siki yenyewe, ngozi ya nyamafu iliyodibaghiwa, na machache mengine. Kwa Mahanafi ni mpana zaidi, na mfano wao mashuhuri ni punda aliyeangukia katika shimo la chumvi akageuka chumvi: chumvi ile ni tohara. Ibn Hazm na Ibn Taymiyya nao wameupanua.

Wanazuoni wa zama zetu wamefuata njia hizo mbili. Majmaa ya Fiqhi ya kimataifa, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, ilikataza jelatini ya nguruwe katika vyakula. Kongamano la fiqhi na tiba lililofanyika Kuwait mwaka 1995 liliona kuwa jelatini imegeuka kikweli, hivyo ni tohara na yaliwa. Majmaa ya Fiqhi ya Rabita, Makka, mwaka 1998 ikairudisha ya nguruwe katika haramu. Kutoka katika khitilafu ni bora inapowezekana, na leo inawezekana.

ALAMA YA VEGANI SI FATWA

Mume wa binti huyu amesema kweli nusu. Alama ya vegani humhakikishia kuwa ganda si la nguruwe wala la nyamafu. Mara nyingi huwa ni la selulosi ya mimea, nalo huandikwa HPMC. Hilo ni faida kubwa kwa Mwislamu yeyote, hata mla nyama.

Lakini alama hiyo haikuwekwa kwa mizani ya sheria. Matone ya vitamini yaliyoyeyushwa katika pombe huweza kuibeba, kwani pombe hutoka katika nafaka na matunda. Kwa hiyo asome viambato vyote, hasa vya dawa za maji.

Na kinyume chake ni kweli. Vitamini D3 kwa kawaida hutengenezwa kutokana na mafuta ya sufi ya kondoo. Vegani huikataa, lakini kisheria sufi iliyokatwa kwa kondoo aliye hai ni tohara, na katika Suratun Nahl, aya ya 80, imetajwa katika neema. Ukitaka isiyo ya mnyama, ipo D3 itokanayo na kuvumwani, na D2 itokanayo na hamira au uyoga. Vivyo hivyo mafuta ya omega-3: ya samaki ni halali, kwani maiti wa samaki ni halali, ingawa ganda lake hutakiwa kuangaliwa, na yapo yanayokamuliwa katika mwani mdogo wa maji, ambako samaki wenyewe huyapata.

Asali nayo vegani huiacha. Mwislamu aiache akitaka, lakini asisahau kuwa Qur'ani imeieleza kuwa ndani yake mna ponyo kwa watu.

JIBU

Kwanza, binti huyu aanze kutumia B12 leo, asingoje kesho. Atafute kidonge kikavu au kapsuli ya selulosi. Kwa wasiokula kitu cha mnyama, jumuiya ya vegani ya Uingereza, iliyoasisiwa mwaka 1944, hushauri angalau mikrogramu 10 kila siku, au 2,000 kwa wiki. Wingi huo ni kwa kuwa mwili hufyonza sehemu ndogo tu ya dozi kubwa. Pamoja na hayo amwone daktari apimwe yeye na mtoto, maana huenda akahitaji sindano, nayo haina ganda.

Pili, ikiwa iliyoko nyumbani ni ya jelatini peke yake, amuulize mfamasia kama unga wake waweza kumiminwa ukanywewa bila ganda. Qaida ya mafaqihi ni kuwa kikavu kikigusa kikavu hakinajisishi. Na hata hilo likishindikana, mafaqihi wetu wa Kishafi wameruhusu kujitibu kwa najisi isiyokuwa pombe halisi, pale tabibu mwaminifu asemapo ni lazima na tohara ya kuikidhi haja haipatikani. Aitumie hadi apate nyingine.

Tatu, asimwambie mtu kuwa nyama ni haramu, na mama yake asimwambie kuwa dengu ni uzushi.

Uchamungu wa binti huyu ulimfanya aliache ganda lenye shaka, na hilo ni jema. Lakini mwenye kuikimbia shubha asikimbilie kwenye madhara yaliyo wazi, tena kwa kitoto kisichoweza kusema. Maimamu wanaoulizwa mas'ala haya wasiishie kusema "achana nacho". Wamwonyeshe muulizaji na kilicho halali atakachokitumia badala yake.

Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.