Maili 96 kwa Miguu

Watu wa kwetu huniuliza: "Maalim, ulikwenda Uskochi yote ile kutembea tu?" Naam, kutembea tu. Njia yenyewe yaitwa West Highland Way. Ilifunguliwa mwaka 1980, nayo yatoka Milngavie, kando ya Glasgow, hata Fort William, chini ya mlima Ben Nevis. Niliimaliza Juni 2019 pamoja na mwanangu. Au niseme, nilianza naye.

Ukingoni mwa ziwa Lomond ni mizizi na mawe, na visubi wa huko hawana haya, huingia hata masikioni. Magharibi huja saa nne za usiku! Mvua haikutuacha, nami nikaishukuru ile ruhusa ya msafiri, kupangusa maji juu ya khufu siku tatu pasi na kuzivua.

Bridge of Orchy goti la mwanangu likavimba. Stesheni ya treni i papo hapo. Akaniambia, "Baba, wewe nenda, nitakungoja mbele." Nami sikubisha hata neno moja, nikenda.

Nyika ya Rannoch nikaivuka peke yangu. Kesho yake nikapanda Ngazi ya Ibilisi, karibu futi 1,800, nikisoma audhubillahi kwa ajili ya jina lake.

Fort William pana sanamu ya mtu aliyeketi akisugua miguu. Mwanangu alikuwa kando yake, ana chupa ya chai. Picha ya siku ile naitundika barazani, na wageni hunipongeza. Nimesimama peke yangu. Yeye ndiye aliyeipiga.