Nyumba ya Mungu: mwambao wa makabila mengi na ugonjwa wanaosingiziwa wageni

Atokaye Same kuelekea Moshi huwa na milima ya Upare mkono wake wa kulia, na kushoto kwake nyika kavu ya migunga na mashamba ya mkonge. Akisogea kuelekea Mwanga, nyika hiyo hukatwa ghafla na utepe mweupe unaometameta. Asiyeijua njia hudhani ni mazigazi. Kumbe ni bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojazwa katikati ya miaka ya 1960 mahali ambapo mito Ruvu na Kikuletwa hukutana na kuuzaa mto Pangani. Likijaa huenea kiasi cha kilomita za mraba 140, nalo hugusa wilaya tatu: Mwanga, Moshi na Simanjiro. Lilikusudiwa kuzalisha umeme, kwa mtambo wa megawati 8, na kuyatawala maji ya mto kwa matumizi ya wakulima walio chini yake. Makazi ya wavuvi yaliyoota ukingoni mwake hayakuwa kiini cha mpango huo.

Lang'ata, Kagongo na mialo mingine ya bwawa hili haina cheo cha mji, lakini ina tabia zote za mji. Nyumba zimebanana. Chumba hupangishwa kwa mwezi, mgahawa hufunguliwa kabla ya alfajiri, na jirani wa leo huenda asiwepo msimu ujao. Katika miaka ya mwanzo samaki walizaliana kupita kiasi, kama ilivyo kawaida ya mabwawa mapya, kwa kuwa ardhi iliyotoka kufunikwa na maji huwa na rutuba tele. Mwaka 1970 walivuliwa zaidi ya tani 20,000. Habari hiyo ilisafiri mbali kuliko samaki wenyewe. Wakaja Wajaluo waliozoea nyavu za Ziwa Victoria, wakaja Wachagga wenye mitaji ya biashara, Wakamba, Wasambaa na wengine wengi. Wamasai, ambao nyika hiyo ilikuwa malisho yao, waliendelea kuleta mifugo kunywa maji pale pale. Baada ya muda mfupi samaki walipungua sana, na tangu hapo wamekuwa wakipanda na kushuka. Lakini watu walikwisha kuoa, kuzaa na kuzikana.

Wapare wenyewe ni wageni wa aina yake mahali hapo, maana walishuka kutoka milimani. Huko juu wana elimu ya kale ya maji. Katika milima ya Same na Mwanga ndiva, yaani mabwawa madogo yaliyojengwa na wazee, hukusanya maji usiku ili yafunguliwe mchana kwenda mashambani kwa zamu. Ndiva ina wenyewe, ina kanuni, na mwenye kuiba zamu ya mwenzake hujulikana kwa jina na ukoo. (Watani wao husema Mpare yu radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, yaelekea kesi nyingi za namna hiyo zilianzia kwenye mfereji.) Maji ya Nyumba ya Mungu hayana zamu. Mwalo mmoja hutumika kuegesha mitumbwi, kupara perege, kufua nguo, kunywesha ng'ombe, kuogesha watoto na kuchota maji ya kupikia, yote kabla ya saa nne asubuhi. Hapo ndipo majirani wasiofahamiana hukutana kila siku, na hapo ndipo kichocho huhama kutoka mwili mmoja kwenda mwingine.

Namna kinavyohama inafaa ielezwe kikamilifu, kwa sababu lawama nyingi za mwaloni hutokana na kutoielewa. Mtu mwenye kichocho hutoa mayai ya minyoo katika mkojo au kinyesi. Mayai yakifika majini huanguliwa, na kiumbe kinachotoka humwingia konokono: wa jamii ya Bulinus kwa kichocho cha mkojo, wa jamii ya Biomphalaria kwa kichocho cha tumbo. Baada ya wiki kadhaa konokono huyo humwaga viluwiluwi visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupenya ngozi ya yeyote aliye majini, hata akiwa amesimama kwa dakika chache tu. Kwa hiyo kichocho hakipatikani kwa kushikana mikono, kwa kula sahani moja wala kwa kulala na mgonjwa. Asiye na konokono na maji kati yake na mwenzake hawezi kumwambukiza.

Hata hivyo, mahali penye makabila mengi ugonjwa hutafutiwa kabila. Mwenyeji husema umeletwa na wavuvi wa kuja. Mvuvi wa kuja husema kwao hakuwahi kuona mkojo wa damu. Na wote wawili huweza kuwatupia wachungaji lawama iliyobaki. Ukweli ni kwamba mgeni aweza kuleta mayai na mwenyeji akawa nayo tayari, na konokono hamuulizi mtu ametoka wapi. Hasara ya maneno hayo ni kwamba mwenye dalili huzificha, asije akathibitisha yanayosemwa juu ya watu wake.

Anayeumia zaidi kwa ukimya huo ni mwanamke. Kichocho cha mkojo hakiishii kibofuni. Mayai huweza kukwama katika shingo ya kizazi, ukeni na katika viungo vingine vya uzazi, yakaleta uchafu usio wa kawaida, maumivu ya nyonga, damu baada ya kujamiiana na hata utasa. Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Mwanga na kuchapishwa mwaka 2000 ulikuwa miongoni mwa tafiti zilizoonyesha wazi kuwa hali hii si nadra kwa wanawake wa vijiji vyenye kichocho. Lakini dalili hizo zikitajwa mbele ya mhudumu asiyekumbuka kichocho, jibu la haraka huwa ni magonjwa ya ngono. Mwanamke hupewa dawa za magonjwa hayo, hazimsaidii. Hurudi, hupewa nyingine. Mwishowe huulizwa habari za mumewe, au mumewe huulizwa habari zake. Katika mtaa wa wapangaji, ambako mke wa mvuvi hukaa peke yake majuma mengi, mashaka ya namna hiyo hutosha kuvunja ndoa. Na sababu yake yote ni kufua nguo.

Kwa mhudumu wa afya, swali moja la nyongeza hubadili mambo: "Mama, maji ya kufulia na kuoga huwa mnayapata wapi?" Anayejibu kwamba ni bwawani, mtoni au kwenye mfereji wa umwagiliaji afikiriwe kichocho hata kama mkojo wake ni safi machoni. Mkojo wa kupimwa ni vema utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana ndipo mayai huwa mengi. Lakini kukosekana kwa mayai hakumwondolei mwanamke uwezekano wa kuwa na vidonda vya shingo ya kizazi. Akichunguzwa kwa kifaa cha kufungulia uke, mhudumu atazame madoa ya manjano yanayofanana na chembe za mchanga. Jambo hili lina uzito zaidi kwa kuwa tafiti zimehusisha vidonda hivyo na ongezeko la uwezekano wa kupata VVU, na jamii za wavuvi katika Afrika Mashariki zimeelemewa na virusi hivyo kuliko jamii nyingine nyingi. Kutibu kichocho hakuondoi haja ya kupima VVU na magonjwa ya ngono. Yote hupimwa pamoja, bila kumhukumu mtu.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na huvumilika vizuri zaidi ikinywewa baada ya chakula. Tumbo kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu huweza kutokea siku hiyo, hasa kwa mwenye minyoo mingi, na hupita. Mgonjwa aelezwe mapema, la sivyo mwaloni itasemwa kwamba dawa ina sumu. Dawa hii huua minyoo iliyokomaa, haiui vizuri ile michanga, wala haimkingi mtu asiambukizwe upya anapoingia majini kesho yake. Ndiyo sababu mvuvi aliyetibiwa mara moja husema haikumfaa. Ilimfaa, alirudi majini.

Ugawaji wa dawa kwa umma umewalenga hasa watoto wa shule, na kwa haki, maana wao hubeba mzigo mkubwa. Lakini kijana aliyeacha shule akashika nyavu, mpara samaki, na mama anayefua kwa ujira hawamo darasani siku dawa inapokuja. Saa za zahanati nazo ni saa za mvuvi kulala au kuuza. Watumishi wanaofuata ratiba ya mwalo, wakafika wakati mitumbwi inarejea, huwapata watu ambao daftari la kliniki haliwajui.

Nchi hii iliwahi kuonja mafanikio makubwa katika kupambana na ugonjwa kwa kuwahusisha watu wote bila kuchagua. Kati ya mwaka 1955 na 1959 nyumba za Upare na Taveta, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, zilipuliziwa dieldrini katika mpango wa malaria wa Pare-Taveta, na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Upuliziaji ulipokoma, malaria ikarudi taratibu. Wazee wachache wangali wanawakumbuka wapuliziaji hao.

Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, ambao huyatoa maji bwawani, huyasafisha na kuyasukuma hadi mji wa Same, uliozoea kiu kwa miaka mingi. Maji yaliyosafishwa hayana kichocho. Mahali ambapo bomba halijafika, maji ya kuoga yaliyochujwa konokono na kuwekwa kwenye ndoo au pipa kwa siku mbili huwa salama, kwa kuwa viluwiluwi hufa visipopata mwili. Ni ushauri mdogo unaohitaji mapipa mawili, na pipa la pili si jambo dogo kwa mpangaji wa chumba kimoja.

Kisha hufika msimu wa kuhama. Samaki wakiadimika, au serikali inapofunga uvuvi ili wazaliane, wavuvi hufunga nyavu na kuelekea maji mengine, na pamoja nao huondoka wagonjwa ambao matibabu yao hayajakamilika. Muuguzi aliyezoea mwalo hamwambii mama kama huyo arudi baada ya wiki nane, kwani anajua hatakuwepo. Humwandikia katika kadi jina la dawa, kipimo na tarehe, kwa mwandiko unaosomeka, na chini yake: amefua bwawani, atazamwe shingo ya kizazi. Kadi huingizwa kwenye mfuko wa nailoni, ikafungwa pamoja na cheti cha kliniki cha mtoto.