Korosho Iliyotoka Kashmir

Shali ya sufi ndiyo nguo ya mwisho mtu wa Mbagala kuihitaji mwezi wa Januari. Hata hivyo, ukipita kwenye vibanda vya kanga vya Temeke au Manzese, utakuta kazi ya mafundi wa Kashmir imetundikwa mbele yako, ila imehamia kwenye pamba. Nimewapanga hapa vinara wa ufundi huo na jamaa zake, kwa upendeleo wangu mwenyewe.

Nakshi iliyosafiri mbali kuliko zote: hapa sioni mshindani. Ni lile tone lililopinda ncha, ambalo kwenye kanga tunaliita korosho. Lilianza kama ua lenye shina lake, likifumwa kwenye shali za Kashmir enzi za wafalme wa Mughal. Baadaye ua likajaa, likavimba, likapinda. Shali zilipofika Ulaya wanawake wa Paris wakazigombania; Joséphine, mke wa Napoleon, alikuwa nazo tele. Mji wa Paisley kule Uskoti ukaziiga kwa mashine hadi Waingereza wakaipa nakshi jina la mji huo, kana kwamba ilizaliwa pale. Viwanda vya Uingereza, Uholanzi, India na Japani vikachapa kanga zenye nakshi hiyo kwa ajili ya pwani yetu. Mwaka 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki kikafunguliwa Ubungo, na Mbagala nako kukawa na kiwanda cha KTM. Sasa kanga ikawa inachapwa nyumbani. Mama anayejifunga korosho kwenda sokoni hana habari na Himalaya, na kwa nini awe nayo? Mikorosho yenyewe iko Mkuranga, safari fupi ya daladala.

Sufi nyembamba kuliko zote ina habari mbaya. Pashmina halali ni manyoya ya ndani ya mbuzi wa nyanda za Changthang, Ladakh: uzi wake una unene wa maikroni 12 hadi 16, wakati unywele wa mtu unaweza kufika 70. Inayoishinda ni shahtoosh, shali inayopita nzima ndani ya pete. Hiyo hutokana na chiru, mnyama wa Tibet mfano wa swala, ambaye hanyolewi bali huuawa, na shali moja hula watatu hadi watano. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku miaka ya 1970, kabla pembe za ndovu hazijafungiwa mwaka 1989. Anayeisifia shahtoosh leo anasifia ujangili.

Ujanja wa kodi uliozaa matunda mengi: husimuliwa kwamba mwaka 1803 mfanyabiashara Mwarmenia, Khwaja Yusuf, alifika Kashmir akitumwa kutoka Constantinople. Shali za kufuma zilitozwa kodi kubwa. Yeye akaamua nakshi ile ile idariziwe kwa sindano juu ya kitambaa kitupu, kazi ambayo mtoza kodi hakuwa ameiwazia. Bei ikashuka, wadarizi wakaongezeka. Wafanyabiashara wa Kariakoo hawahitaji maelezo zaidi.

Shali yenye mitaa mingi imehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Ni ramani ya mji wa Srinagar iliyodariziwa karne ya 19, na mto wake, madaraja na bustani. Natamani fundi mmoja ajaribu Tandale. Sijui angeanzia uchochoro gani.

Kichwa kinachoienzi sufi ya Kashmir kuliko vyote ni cha Muomani. Kilemba chake cha rasmi, massar, mara nyingi ni sufi hiyo iliyodariziwa pindoni, na ukoo wa kifalme wa Busaidi una rangi zake zinazoutambulisha. Masultani wa Zanzibar walikuwa wa ukoo huo huo, na bwana harusi wa Magomeni anayetoka na kilemba na joho siku ya nikahi anaufuata mtindo wao.

Kwa sindano ya hapa kwetu, nampa taji mshonaji wa kofia ya vito. Huunganisha vitambaa viwili, akachora nakshi kwa penseli, kisha akatoboa matundu madogo na kuzungushia uzi kila tundu, moja baada ya jingine, kwenye kipande cha pembeni na cha juu. Kazi huchukua majuma, nyingine miezi, hasa kwa mama wa Unguja anayeishika baada ya kupika na kufua. Lamu wanaita kofia ya viua. Muscat ndugu yake ni kumma. Huku bara aliyeipandisha juu kuliko wote ni Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekaa Ikulu kutoka 1985 hadi 1995 na baraghashia yake kichwani. Kofia za mashine zimejaa kila kona ya Mbagala Rangi Tatu kwa bei ya chini sana, ndiyo maana anayeuza ya mkono huigeuza kwanza akuonyeshe upande wa ndani kabla hajataja bei.