Kisu Kikubwa cha Jikoni: Nani Aamue Umbo Lake?

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Maneno hayo yalikuwa ya kumkemea mvivu anayetafuta kisingizio cha kutokwenda shambani, nasi hatuna ugomvi nayo. Lakini mama aliyesimama mbele ya gogo na paja la ng'ombe, huku watu mia mbili wakisubiri chakula, ana haki ya kuchagua kisu. Kisu kibaya hakimcheleweshi tu. Chaweza kumwondolea kidole.

Katika nyumba nyingi kisu kikubwa hakichaguliwi na yule anayekitumia. Baba hupita dukani akanunua panga lililopo, au panga la shambani likiisha makali huhamia jikoni. Panga hilo lilitengenezwa kwa ajili ya kufyeka na kukata matawi, katika mkono wa mtu aliyesimama mahali pa wazi. Jikoni tunainama, mikono ina mafuta, na mtoto anapita nyuma yetu.

Kikundi chetu cha akina mama tunaopika kwenye harusi na misiba kiliamua kulibadili jambo hilo. Tulichanga fedha ili mhunzi atufulie kisu kimoja kikubwa cha kukatia. Kukubaliana umbo lake kulituchukua vikao vitatu, tena vya maneno mengi. Tuliyojifunza humo ndiyo tunayotaka ufaidike nayo, mpendwa msomaji.

KWANZA KAZI, NDIPO UMBO

Katika kikao cha kwanza kila mmoja alikuja na kisu chake kichwani. Wengine walitaka kirefu, cha kuangusha mkungu wa ndizi na kukata miwa. Wengine walitaka kipana na kizito kama cha buchani, cha kupasua mifupa. Wengine tena walitaka chenye ncha kali, cha kuchunia mbuzi. Wote walikuwa na haki, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akiisemea kazi anayoifanya.

Taabu ni kwamba ukiyaweka matakwa yote katika kisu kimoja, unapata chuma kizito kisichofanya kazi yoyote vizuri. Wachina wamelijua hilo siku nyingi. Kisu chao kipana cha mstatili, ambacho wengi tumekiona kwenye picha, kipo cha aina zaidi ya moja. Kuna chembamba cha mboga na nyama isiyo na mfupa, na kuna kinene cha kuvunjia mifupa. Kwa mbali vinafanana kama mapacha, lakini ukikipiga chembamba kwenye mfupa, makali yake yanamomonyoka.

Watu wa Nepali nao wana kisu kiitwacho kukri, kilichopinda kuelekea mbele ili uzito uangukie mahali panapokata. Panga letu nalo mara nyingi hupanuka kuelekea mbele kwa sababu hiyo hiyo. Na tusilidharau: hata Waingereza wamelichukua neno hili panga kutoka Kiswahili, nalo limo katika kamusi zao.

Basi tuliandika kwenye karatasi kazi tatu tunazozifanya mara nyingi zaidi: kukata nyama yenye mifupa, kupasua maboga na viazi vikuu, na kuvunja nazi kwa mgongo wa kisu. Miwa na mikungu tuliliachia panga. Kuchuna tulikiachia kisu kidogo. Siku hiyo ugomvi ulipungua nusu.

WAPENZI WA VISU HUAMUAJE?

Huko Marekani wapo watu ambao visu ni burudani yao kama vile wengine wanavyopenda mpira. Hubishana juu ya urefu, uzito na kipini, wakikubaliana humwagiza mhunzi, kisha hukijaribu. Katika hilo la kujaribu tuna la kujifunza.

Wahunzi wa visu wa nchi hiyo wana chama chao, American Bladesmith Society, kilichoanzishwa mwaka 1976. Mhunzi anayetaka kupanda daraja katika chama hicho hupewa mtihani. Hufua kisu ambacho bapa lake halizidi inchi 10, yaani kama sentimita 25, na upana wake hauzidi inchi 2. Kwa kisu hicho anakata kwa pigo moja kamba nene ya inchi moja inayoning'inia. Kisha anakata ubao wa mbili kwa nne vipande viwili, mara mbili. Baada ya kazi hiyo nzito, kisu lazima bado kiweze kunyoa nywele za mkono. Mwishoni kinabanwa kwenye jiliwa na kupindwa hadi nyuzi 90 bila kuvunjika.

Angalia, msomaji, kwamba hakuna hapo alama za urembo. Kisu kinaulizwa maswali mawili tu: je, makali yako yanadumu? Je, ukizidiwa utapinda, au utavunjika na kumrukia mtu usoni? Sisi hatuna haja ya kupinda kisu chetu hadi kiharibike, lakini maswali hayo mawili tuliyachukua yalivyo.

UZITO NA MAHALI UNAPOKAA

Kisu cha kukatia hufanya kazi kwa uzito wake. Mkono unakiinua na kukiongoza. Chenyewe ndicho kinachoangukia mfupa. Kikiwa chepesi mno, mama hutumia nguvu za bega, na pigo la hasira hukosa shabaha. Kikiwa kizito mno, baada ya nusu saa kiganja kinatetemeka, na hapo ndipo ajali zinapotokea.

Uzito ukae mbele ya kipini, lakini si mbele sana. Kipime hivi: kiweke kisu juu ya kidole kimoja, upande wa bapa, ukisogeze mpaka kitulie bila kuanguka. Mahali kinapotulia pakiwa vidole vitatu au vinne mbele ya kipini, kitakata vizuri. Pakiwa katikati ya bapa, kitauchosha mkono wa kawaida.

Kabla ya kwenda kwa mhunzi tulikata maumbo matatu kwa mbao nyembamba, tukayapitisha mkononi kwa kila mama, mrefu na mfupi, mzee na kijana. Umbo lililopendwa na wanene wa mikono halikuwafaa wengine. Tulichagua lile ambalo mwembamba kuliko wote aliweza kuliinua mara hamsini bila kulalamika, kwa maana aliye na nguvu hadhuriki na kisu kilicho chepesi kidogo.

CHUMA NA MOTO

Wahunzi wetu wengi hutumia springi za magari chakavu, nazo si za kudharauliwa. Feleji ya springi ina kaboni ya kutosha kushika makali, na ilitengenezwa kustahimili kupinda na kurudi. Hata wahunzi wa Marekani huipenda kwa visu vikubwa. Kasoro yake ni mbili: hushika kutu, hivyo yataka kukaushwa na kupakwa mafuta ya kupikia kila baada ya kazi, tena springi iliyochoka huweza kuwa na nyufa zilizofichika. Mwombe mhunzi aikague kabla ya kuanza.

Siri kubwa iko kwenye moto. Mhunzi hukipasha kisu hadi kiwe chekundu, kisha hukizamisha kwenye mafuta. Hapo kinakuwa kigumu sana, lakini chepesi kuvunjika kama kioo. Ni lazima kipashwe tena kwa moto wa kiasi, zaidi kidogo ya nyuzi 200, yaani kama joto la oveni ya mkate, ili kipungue ugumu na kipate ustahimilivu. Mhunzi akiwa na haraka huiruka hatua hii ya pili. Muulize waziwazi, wala usione haya.

KIPINI KWA MKONO WENYE MAFUTA

Hapa wauguzi tuliomo kikundini tulikuwa na la kusema, maana majeraha mengi tunayoyafunga hayatokani na makali kuwa makali. Yanatokana na mkono kuteleza, kipini kuchomoka, au kisu butu kilicholazimishwa.

Msuka wa kisu, yaani ule mkia wa chuma unaoingia kwenye kipini, upite hadi mwisho wa kipini na ushikwe kwa ribiti tatu. Msuka mfupi uliogandishwa kwa lakiri kwenye tundu la mti hulegea, na siku moja bapa huruka. Mwisho wa kipini uwe na kifundo kinachoteremka kidogo, ili kidole kidogo kipate pa kushikilia. Unene wake uwe wa kuzungushwa na vidole bila ncha zake kuchoma kiganja. Mti uwe mkavu, mfano mninga, usiopakwa vanishi inayoteleza.

TULICHOAMUA

Mwisho wa kikao cha tatu tulikuwa na karatasi moja. Urefu wa bapa sentimita 22. Upana sentimita 8 mbele, ukipungua kidogo kuelekea kipini. Mgongo milimita 5, bapa likikondeka taratibu hadi kwenye makali. Ncha imeviringwa, kwa kuwa hakuna kazi yetu hata moja inayohitaji ncha, na ncha ndiyo inayomchoma mtoto. Tundu dogo mbele kwa kutundikia.

Malipo ya mwisho tulikubaliana yatolewe baada ya kukijaribu. Kisu kipige mfupa mara kumi, kisha tuyaangalie makali kwenye mwanga. Yakiwa yamekunjika, chuma ni laini mno. Yakiwa yamemeguka, ni kigumu mno. Yakiwa yamenyooka na bado yanakata karatasi, fundi apewe fedha yake yote na asante juu.

KISU KIZURI NACHO HUKATA

Kisu kizuri bado ni kisu. Tandika kitambaa kibichi chini ya kibao kisiteleze. Kipande kidogo usikishike kwa vidole ukipiga. Weka kisu juu yake, kisha gonga mgongo wa kisu kwa mwichi. Kikianguka, ruka nyuma, usijaribu kukidaka. Usikizamishe kwenye beseni la povu ambamo mwenzako ataingiza mkono bila kukiona. Kazi ikiisha, kitundike juu, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti.

Mtu akijikata, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, uinue mkono juu, usiachie kila mara kuchungulia. Usiweke majivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Damu ikipungua, osha kwa maji safi mengi. Nenda zahanati siku hiyo hiyo kama kidonda ni kirefu, kama damu haikomi kwa kukandamizwa dakika kumi, au kama kidole kimekufa ganzi au hakikunjiki. Huenda kano au mshipa wa fahamu umekatika. Kidole kikikatika kabisa, kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo ndio uwekwe juu ya barafu. Barafu isiguse nyama. Kimbilia hospitali pamoja nacho. Uliza pia habari ya chanjo ya pepopunda: kwa jeraha chafu, kama miaka 5 imepita tangu uchanjwe, unahitaji kuchanjwa tena.

Mama mwenzetu, kisu kinachofuata kununuliwa nyumbani mwako kisiletwe tu. Nenda nacho mwenyewe, kishike, kipime juu ya kidole, uliza msuka wake umefika wapi. Muuzaji akicheka, mwache acheke. Vidole ni vyako.