Nyakati Tatu za Historia ya India

Kwa miaka kadhaa nilipowafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili historia ya Asia, nilianza somo la India kwa kuchora mistari miwili ubaoni. Kushoto niliandika "Wakati wa Wahindu", katikati "Wakati wa Waislamu", kulia "Wakati wa Waingereza". Mchoro huo ulipendeza, nao wanafunzi waliunakili upesi. Siku moja kijana mmoja, ambaye kwa kawaida si msemaji, alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, ikiwa nyakati mbili za kwanza zaitwa kwa dini, mbona ule wa tatu hauitwi Wakati wa Wakristo?" Sikuwa na jibu.

Swali lile lilinirudisha vitabuni, nami nikaona ya kuwa mgawanyo niliokuwa nikiufundisha haukuzaliwa India. Uliwekwa na Mskoti mmoja, James Mill, katika historia ya India aliyoichapisha mwaka 1817. Mill hakupata kufika India, wala hakujua lugha yake hata moja. Katika dibaji alilitetea jambo hilo bila haya: mtu mwenye uwezo wa kuchambua, alidai, aweza kujua mengi zaidi juu ya India kwa mwaka mmoja chumbani mwake Uingereza kuliko kwa kuishi huko maisha yake yote. Kitabu chake kilisomwa katika chuo cha Haileybury, ambako vijana wa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki waliandaliwa kwenda kutawala. Kwa Mill, wakati wa Wahindu na ule wa Waislamu ulikuwa ushirikina na udhalimu. Wa tatu ulikuwa wa serikali na sheria. Ndiyo maana haukuitwa wa Wakristo. Mtawala alijihesabu kuwa nje ya dini, akawafungia watawaliwa wote ndani yake.

Sisi Walutheri tunaye shahidi wa namna nyingine. Bartholomäus Ziegenbalg alifika Tranquebar, koloni la Wadenmark kusini mwa India, mwaka 1706. Alijifunza Kitamil, na Agano Jipya katika lugha hiyo likapigwa chapa huko mwaka 1715. Lakini mwaka 1713 alikuwa pia ameandika kitabu cha kuieleza miungu ya Wahindu wa kusini kama wenyewe walivyoieleza. Wakubwa wake huko Halle hawakutaka kukichapisha. Kilitoka Madras mwaka 1867, miaka 148 baada ya kifo chake. Laiti kingetangulia kile cha Mill!

Tuuchukue basi ule "Wakati wa Wahindu". Mill hakuweza kujua habari za Harappa na Mohenjo-daro, miji ya matofali katika bonde la mto Indus iliyostawi tangu yapata mwaka 2600 hadi 1900 K.K., kwa sababu ustaarabu huo ulitangazwa kwa ulimwengu mwaka 1924 tu. Maandishi ya watu wale hayajasomeka mpaka leo. Kuwaita Wahindu ni kubahatisha. Wala Mill hakuweza kumtambua Mfalme Ashoka wa karne ya tatu K.K., ambaye maandishi yake juu ya miamba na nguzo yalianza kusomeka mwaka 1837. Katika mwamba mmojawapo Ashoka anaungama kwamba vitani Kalinga watu 100,000 waliuawa na 150,000 walihamishwa kwa nguvu, naye anajuta. Ni wafalme wangapi wa kale waliochonga majuto yao juu ya mwamba? Na mfalme huyu, aliye mkuu kuliko wote wa "Wakati wa Wahindu", alikuwa mfuasi wa Buddha.

Pwani ya Malabar nako kuna mabamba ya shaba ya karne ya 9 B.K., yanayolipatia kanisa la Kollam ardhi na haki za biashara. Mashahidi wametia sahihi zao kwa Kiarabu, kwa Kipahlavi na kwa herufi za Kiebrania. Tuwaweke watu hawa katika safu ipi ubaoni?

"Wakati wa Waislamu" haufai zaidi. Masultani walitawala Delhi tangu 1206, na Babur, Mmogul wa kwanza, alishinda Panipat mwaka 1526. Lakini kusini dola ya Kihindu ya Vijayanagara ilisimama tangu 1336. Akbar aliiondoa jizya mwaka 1564. Kitukuu chake Aurangzeb akairudisha mwaka 1679, na mahekalu kadhaa yakabomolewa kwa amri yake. Hayo hayafichiki. Hata hivyo, katika vita ya Haldighati ya mwaka 1576, jeshi la Akbar liliongozwa na Mhindu, Man Singh, na katika jeshi la adui yake, Rana Pratap, alikuwamo jemadari Mwislamu, Hakim Khan Sur. Watu walipigania ardhi, ushuru na heshima ya ukoo, kama wapiganavyo watu mahali pengi.

Ushuru ndio uliomwingiza Mwingereza. Kampuni, iliyopewa hati yake mwaka 1600, ilishinda Plassey mwaka 1757 kwa msaada wa hila za Mir Jafar, na mwaka 1765 ikapokea kutoka kwa mfalme wa Kimogul haki ya kukusanya kodi ya Bengali. Miaka mitano baadaye njaa kuu iliikumba Bengali. Gavana Warren Hastings mwenyewe alikadiria kwamba angalau theluthi moja ya wakazi walikufa; na akaandika kwamba kodi iliyokusanywa mwaka 1771 ilizidi hata ile ya 1768. Sentensi hiyo moja yatosha kuupima ule wakati wa serikali na sheria.

Mwaka 1857 askari walioasi Meerut, wengi wao Wahindu, walikwenda Delhi wakamtawaza mzee Mwislamu, Bahadur Shah, kuwa mfalme wao. Uasi ulizimwa, na mwaka 1858 India ikawekwa chini ya taji la Uingereza. Tangu hapo mgawanyo wa kitabuni ulianza kupata mikono na miguu. Katika sensa ya 1871–72 kila mtu alipaswa kuandikwa chini ya dini moja. Mwaka 1905 Bengali iligawanywa, upande mmoja ukiwa na Waislamu wengi, na ingawa mpaka huo ulifutwa mwaka 1911, mwaka 1909 Waislamu walikuwa wamekwisha kupewa viti na wapiga kura wa peke yao. Mtu aliyetaka kuchaguliwa hakuwa tena na haja ya kura ya jirani yake wa dini nyingine.

Mwaka 1930 Gandhi alichagua kupinga kodi ya chumvi, naye alichagua kwa hekima, maana chumvi haina dini. Alitembea siku 24 hadi pwani ya Dandi. Mwaka huohuo, huko Peshawar, Wapashtuni Waislamu waliomfuata Abdul Ghaffar Khan walisimama bila silaha mbele ya risasi. Lakini mwaka 1937 Savarkar, kiongozi wa Wahindu wenye siasa kali, alitamka kwamba India ina mataifa mawili. Na mwaka 1940, huko Lahore, Jinnah alijenga hoja yake juu ya historia hasa: Wahindu na Waislamu, alisema, wana mashujaa tofauti, na shujaa wa hawa ni adui wa wale. Hofu ya Waislamu kumezwa na walio wengi haikuwa ya kubuni. Lakini lugha iliyovikwa hofu hiyo ilikuwa ya Mill.

Mpaka ulichorwa na mwanasheria Cyril Radcliffe, aliyefika tarehe 8 Julai 1947. Yeye naye alikuwa hajapata kufika India. Alipewa majuma matano. Pakistani ilipata uhuru tarehe 14 Agosti na India tarehe 15, na mpaka ukatangazwa tarehe 17, baada ya bendera kupandishwa. Watu zaidi ya milioni 10 walihama; waliouawa hukadiriwa kuwa tangu laki mbili hadi milioni moja na zaidi. Mwaka 1971 Pakistani yenyewe ilipasuka, Bangladesh ikajitenga, ingawa pande zote mbili zilikuwa na Waislamu wengi.

Siku hizi siandiki tena mistari ile ubaoni. Huanza na mkufu wa dhahabu na mawe uliofukuliwa Mohenjo-daro, mji ambao sasa umo Pakistani. Baada ya 1947, vitu vya kale vilipogawanywa, kila nchi iliutaka mkufu huo. Basi uzi wake ukafunguliwa, na shanga zikahesabiwa nusu kwa nusu.