Utelezi wa Kahawia Ndani ya Dumu

(Muziki wa kufungua, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Uwe umetoka Kismayo mjini, Koyama, Chovai au Chula, utelezi wa rangi ya kahawia unaujua. Hushika kuta za birika na mawe ya mtoni. Hapa kambini unauona ndani ya dumu la maji. Je, ni uchafu tu?

Mara nyingi ni viumbe hai, diatomu. Ni ndogo mno, huzioni bila hadubini. Kila moja ni seli moja iliyojifungia ndani ya ganda la kioo. Kioo hicho hukitengeneza kwa silika, madini yale yale ya mchanga, ambayo huyeyuka kidogo kidogo majini. Mto Juba huyabeba kutoka milima ya Ethiopia hadi baharini pale Gobweni.

Jamii moja ya maji baridi inaitwa Fragilaria. Seli hujigawa kuwa mbili, lakini haziachani. Hushikana ubavu kwa ubavu mpaka zikawa utepe mrefu, kama mbao za mtepe wa wazee wetu zilivyoshonwa pamoja.

Diatomu zenyewe si adui. Hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kama majani ya mti, na zote pamoja, za bahari na za maji baridi, hutoa takriban moja ya tano ya oksijeni ya dunia.

(Mlio wa maji yakimiminwa.)

Basi shida iko wapi? Iko kwenye utando. Vijidudu vya kuhara na kipindupindu hujificha humo, na klorini iliyotiwa majini huishia kwenye utando kabla ya kuvifikia. Maji yaliyotoka bombani yakiwa salama huharibikia ndani ya dumu. Na dumu lililokaa gizani likashika utelezi, hizo si diatomu, kwani hazikui bila mwanga. Hizo ni bakteria.

Mama, baba, na nyinyi watoto mnaotumwa bombani, fanyeni hivi kila wiki. Tia changarawe safi, sabuni na maji kidogo. Funga, tikisa kwa nguvu mpaka utelezi utoke. Suuza mara mbili. Jaza, funga kifuniko, weka kivulini. Ukitaka maji, mimina. Usichovye kikombe wala mkono.

Mtu akiharisha choo kama maji ya mchele, usingoje kesho. Mpeleke kliniki sasa hivi, na njiani mnyweshe maji ya chumvi na sukari ya pakiti.

Maji kuwa maangavu si kuwa salama. Kabla ya kulala leo, chungulia dumu lako.

(Muziki wa kufunga.)