Mjukuu si mkalimani

Ndugu zangu, juzi nilimsindikiza bibi mmoja wa kwetu kwa daktari hapa Saint Louis Park. Alikuja na mjukuu wake wa miaka 11 amtafsirie. Daktari akauliza kama anatokwa damu, naye hedhi alikwisha koma zamani. Mtoto akatazama viatu vyake. Bibi akajibu, hapana.

Basi tuelezane. Kwa Kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya 2010, kliniki inayopokea fedha za serikali kuu lazima itoe mkalimani anayefaa, tena bure. Haina ruhusa kumtegemea mtoto, ila kwa dharura. Mnapoweka miadi semeni mapema, na mtaje ni Kiswahili cha wapi, maana cha Lubumbashi si cha Unguja. Asiyesikia naye ana haki ya mkalimani wa ishara, kwa sheria ya walemavu ya 1990.

Ama siri, HIPAA ya 1996 inakupa haki ya nakala ya faili lako, kwa kawaida ndani ya siku 30. Minnesota imekaza zaidi: kwa kawaida faili halipelekwi kwingine bila idhini yako ya maandishi, yenye saini na tarehe, nayo hudumu mwaka mmoja. Dharura ni mbali. Kwa hiyo msitie saini karatasi msiyoielewa, ombeni msomewe.

Yule bibi tulimwombea mkalimani wa simu, mjukuu akatoka nje. Ndipo aliposema kweli.